Mgeni Hualikwa: Historia ya Sherehe za Kisiwa cha Mafia

Ukiuliza ni lipi la kumpeleka msafiri Mafia, utajibiwa mara moja kuwa ni papa potwe. Kuanzia Oktoba hadi Februari samaki hao, ambao hakuna wakubwa kuwashinda duniani, hukaribia pwani ya Kilindoni, na mashua hutoka asubuhi kwenda kuwatazama. Anayetaka zaidi huelekezwa kwenye matumbawe ya Ghuba ya Chole. Sherehe hazitajwi. Mafia haina jukwaa kama la Sauti za Busara, ambalo tangu 2004 limekuwa likiujaza Mji Mkongwe wa Unguja watu kila Februari, wala haina tarehe iliyochapishwa katika vijitabu vya wageni. Kutokana na hayo wengi wamekata shauri kuwa kisiwa hiki kina bahari tupu. Nasema kinyume chake. Mafia ina historia ndefu ya sherehe, na historia hiyo ina uti wa mgongo mmoja: karamu ndiyo njia ambayo mtu aliyekuja na maji aligeuka kuwa mtu wa kisiwani, na pale karamu ilipovunjwa au mtu alipofungiwa nje yake, kisiwa kiliingia hasara ambayo bado kinaisimulia. Kwa hiyo anayesafiri kwenda kuona sherehe za Mafia haendi kutazama. Anaingia katika mapatano ya zamani ambayo yana haki zake na wajibu wake.

Jiografia yenyewe inaeleza kwa nini iwe hivyo. Kisiwa kikuu kimelala mbele ya milango ya mto Rufiji, na ubavuni mwake upande wa mashariki na kusini vipo Chole, Juani na Jibondo. Zama za matanga, kaskazi ilileta vyombo kutoka Lamu, Barawa na Arabuni, kusi ikavirudisha, na chombo kilichochelewa upepo kilikaa miezi. Uchimbaji wa wanaakiolojia, akiwemo Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, umeonyesha kuwa Juani ilikaliwa na watu zamani sana, kabla ya msikiti wowote wa pwani hii kujengwa. Baadaye Habari za Kilwa, zilizotufikia kwa Kiarabu na kwa Kireno katika kitabu cha João de Barros cha mwaka 1552, zinaiingiza Mafia katika milki ya nasaba ya Washirazi tangu mwanzo wake. Sarafu zenye jina la mfalme Ali bin al-Hasan zimeokotwa Kisimani Mafia, na hazina ya Mtambwe Mkuu huko Pemba, iliyofukuliwa mwaka 1984, iliwafanya wataalamu wazirudishe sarafu hizo hadi karne ya 11. Hayo ni mambo ya wafalme. Lakini nyuma ya wafalme walikuwapo watu wengi zaidi ambao wote, wa mtumbwi na wa jahazi, walifika wakiwa wageni: Wambwera na wengine kutoka bara la mkabala, Wapokomo na Wagunya kutoka kaskazini ya mbali, Waarabu wa Hadhramaut na Oman, Wangazija, Wahindi. Kisiwa ambacho kila ukoo wake una habari ya kufika hakiwezi kuishi bila utaratibu wa kupokea, na utaratibu huo haukuandikwa katika sheria. Uliwekwa katika karamu.

Ushahidi mzito wa jambo hili ni kisa cha kutisha kuliko vyote vinavyosimuliwa kisiwani, kile cha Kisimani na Kua. Kilikusanywa na Kadhi Amur Omar Saadi na kuchapishwa mwaka 1941, naye aliandika yale ambayo wazee walikuwa wakiyasema. Miji hii miwili ilikuwa jirani na mahasimu, Kisimani kwenye rasi ya magharibi ya kisiwa kikuu, Kua kisiwani Juani. Watu wa Kisimani walijenga jahazi, na siku ya kulishua wakawaalika watu wa Kua. Kushua chombo ni sherehe kubwa pwani nzima: kamba huvutwa na kijiji kizima, nyimbo huimbwa, wapishi huwa wameamka usiku, na chombo huteleza juu ya magogo hadi majini. Siku ile, kwa mujibu wa masimulizi, wenyeji waliwakamata watoto wa wageni wao, wakawafunga na kuwalaza ufukweni badala ya magogo, na jahazi likapitishwa juu yao. Kua walinyamaza. Miaka ikapita, uhusiano ukarejea kama uliosahauliwa, kisha Kua nao wakatoa mwaliko wao, wa harusi. Walikuwa wamejenga chumba chini ya ardhi. Wakubwa wa Kisimani wakaingia, wakakirimiwa, na wenyeji wakawa wanatoka mmoja mmoja bila kuonekana mpaka akabaki mzee mmoja tu wa Kua akiwazungumzisha wageni. Mlango ukazibwa kwa mawe, yeye akiwa ndani pamoja nao.

Msomaji mwenye hadhari atasema hii ni hekaya. Magofu ya Kua yapo, yameenea juu ya eneo kubwa pamoja na jumba la utawala na misikiti kadhaa, lakini mifupa ya watu waliozikwa wakiwa hai kwenye karamu haijawahi kuoneshwa. Nakubali hoja hiyo kwa upande wa tukio. Siitumii habari hii kuthibitisha kuwa siku fulani watoto kadhaa walikufa. Naitumia kuthibitisha kitu kingine, ambacho hekaya hukithibitisha vizuri kuliko hati: mawazo ya waliokuwa wakiisimulia juu ya uovu wenyewe. Wasimulizi walikuwa na uhuru wa kuchagua. Wangeweza kueleza uhasama wa miji miwili kwa vita vya mashamba, kwa ushuru, kwa mwanamke aliyetoroshwa, kwa damu ya mfalme. Hawakufanya hivyo. Walichagua mialiko miwili iliyosalitiwa, mmoja wa kushua chombo na mmoja wa harusi, na wakaifanya kuwa mzizi wa maangamizi. Halafu wakamweka yule mzee, mwenyeji aliyekubali kufa na wageni wake kwa sababu mgeni haachwi peke yake sebuleni hata anapouawa. Jamii isiyoiona karamu kuwa ahadi ya usalama isingeweza kutunga kisa cha namna hiyo, na kama ilikirithi kutoka kwa wengine isingekitunza kwa muda mrefu hivyo.

Kua haikuanguka kwa kisasi cha Kisimani. Iliangushwa na Wasakalava wa Madagaska, ambao mwanzoni mwa karne ya 19, yamkini katika miaka ya 1820, walivuka bahari kwa mitumbwi mingi, wakaupora mji na kuwachukua watu utumwani. Waliosalia walitawanyika, na uzito wa mambo ukahamia Chole, kisiwa kidogo chenye maji mazuri, ambako mabwana wa Kiarabu wa utawala wa Busaidi, nasaba ya masultani wa Zanzibar, na wafanyabiashara wa Kihindi walijenga nyumba za mawe. Magofu ya hekalu la Kihindu yangalipo Chole hadi leo, na penye hekalu huwa pana siku zake kuu, kwa hiyo kisiwa kile kidogo kiliwahi kuwa na kalenda mbili za dini bega kwa bega. Huu ndio wakati minazi ilipoenea Mafia kusini na katikati, na wakati ambapo swali la nani anaalikwa lilipata jibu la kikatili. Minazi ile ilipandwa na kuangushwa na watumwa. Mtumwa alikuwa mgeni asiyepokewa. Alipika pilau, alibeba maji, alipiga ngoma kwa amri ya bwana, lakini hakukaa kwenye sinia la waungwana. Mwaka 1890 Ujerumani ilichukua Mafia katika mapatano yake na Uingereza, na Sultani wa Zanzibar akalipwa mark milioni 4 kwa pwani yote pamoja na kisiwa hiki. Watawala wapya walikaa Chole hadi 1913 walipohamia Kilindoni, na utumwa hawakuufuta. Waliishia kutangaza kuwa watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 watakuwa huru. Januari 1915 Waingereza wakakiteka kisiwa ili kuisaka manowari ya Königsberg ndani ya Rufiji, na ni mwaka 1922 tu utumwa ulipopigwa marufuku kisheria katika Tanganyika. Yaani wapo watu waliofariki katika zama zetu hizi ambao wazazi wao walizaliwa bila haki ya kualikwa.

Sheria ya 1922 ilimpa mtu uhuru wa kuondoka shambani. Haikumpa nafasi kwenye mkeka. Kazi hiyo ilifanywa na sherehe, na kubwa kati ya hizo ilikuwa Maulidi. Kisomo kinachotawala pwani ni kile cha Barzanji, kilichoandikwa na Sayyid Jaafar al-Barzanji, mufti wa Kishafii wa Madina katika karne ya 18. Kilisomwa zamani katika nyumba za wakubwa, kwa sauti ya watu wachache waliojua Kiarabu. Mageuzi yalikuja mwishoni mwa karne ya 19, na mtu aliye kitovu cha mageuzi hayo ni Habib Swaleh, sharifu wa ukoo wa Jamalilil aliyetoka Ngazija akahamia Lamu. Alikaa pembeni mwa mji miongoni mwa masikini, akawasomesha watu wa asili ya utumwa ambao waungwana hawakutaka kukaa nao darasa moja, akaingiza matari katika Maulidi, na mwanzoni mwa karne ya 20 ukajengwa msikiti wa Riyadha ambao hadi leo unapokea wageni kutoka pwani nzima kila Mfunguo Sita, mwezi wa Maulidi. Wakubwa wa Lamu walilalamika kuwa ngoma zimeingia ibadani. Kilichowaudhi, kwa maoni yangu, ni waliozishika ngoma hizo. Wakati uleule tarika za Kisufi zilikuwa zikisambaa: Kadiria kwa juhudi za Sheikh Uways wa Barawa, Shadhilia kwa wafuasi wa Sayyid Muhammad Maaruf wa Ngazija, nazo zikatia mizizi Kilwa na mwambao wa kusini, ukiwemo ule unaotazamana na Mafia. Dhikri haikumuuliza mtu babu yake alikuwa nani. Ilimtaka awe na sauti na pumzi.

Usiku wa Maulidi katika kijiji cha pwani una mpangilio ambao mtu akiufuata kwa makini atauona mpaka wa mgeni na mwenyeji ukifutwa hatua kwa hatua. Mwaliko hupelekwa kwa mdomo, kijiji hadi kijiji, nao una deni ndani yake: waliokuja kwetu mwaka jana lazima twende kwao. Mchango hukusanywa, mchele na ng'ombe hununuliwa, na wanawake huanza kuchambua na kukuna nazi tangu mchana. Baada ya Isha mikeka hutandikwa, udi hufukizwa, na kisomo hupokezanwa, fungu moja kwa mwalimu wa kijiji, fungu la pili kwa mgeni wa kijiji jirani, ili kila upande uonyeshe vijana wake. Inapofika habari ya kuzaliwa Mtume watu wote husimama, marashi hunyunyizwa kwa mrashi, na hapo hakuna mstari wa mbele wala wa nyuma. Kisha masinia huteremshwa. Watu huzunguka sinia moja kwa mkono wa kulia, nao hawachagui wa kukaa naye. Mtoto wa mvuvi, mjukuu wa mtumwa na sharifu hukuta mikono yao katika wali mmoja. Ni rahisi kulipita jambo hili kwa kuwa limezoeleka. Lakini katika kisiwa ambacho vizazi vitatu tu nyuma sinia lilikuwa alama ya nani ni nani, sinia lile lilikuwa mapinduzi, na yalifanyika bila tamko.

Mtu anaweza kudai kuwa naipamba hali, kwamba tofauti za nasaba zilibaki palepale asubuhi ya pili, hasa katika ndoa. Ni kweli zilibaki. Hata hivyo kuna ushahidi wa karibu zaidi unaoonyesha kuwa ushiriki ulikuwa na nguvu yake yenyewe. Mwanaanthropolojia Pat Caplan, aliyefika kijiji cha Kanga kaskazini mwa Mafia mwaka 1965 na kurudi mara kadhaa kwa miongo iliyofuata, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuwa mtu wa pale hakuwa wa ukoo mmoja aliofungwa nao kwa baba peke yake. Alikuwa na haki katika koo kadhaa kwa upande wa baba na wa mama, na katika maisha yake alichagua ni upi wa kuushikilia kwa kuishi nao, kulima nao na kushirikiana nao katika shughuli. Ukoo ulikuwa mlango ambao mtu huubisha kwa kuhudhuria. Asiyeonekana harusini, matangani na kwenye kisomo, damu yake haikumsaidia sana. Aliyeonekana kila mara, hata akiwa wa mbali, alizidi kuwa wa karibu. Methali isemayo mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, hutumiwa mara nyingi kuwakaripia wageni wazembe. Ukiisoma kwa historia ya Mafia, jembe lile ni heshima. Anayepewa jembe amepewa na shamba, na mwenye shamba ana siku ataalika.

Pingamizi kubwa zaidi linatoka ndani ya dini yenyewe. Wapo Waislamu wengi wa pwani, na idadi yao imekua tangu miaka ya 1980, wanaoona kuwa Maulidi hayana asili katika mwenendo wa Mtume na masahaba, kwamba kusimama ni uzushi na matari ni makosa zaidi. Kwao makala kama hii inalipamba jambo lililostahili kuachwa. Mgogoro huo ni wa wanazuoni na ni mkongwe kuliko jengo la Riyadha. Sina elimu ya kuuamua na sitajaribu. Ninachodai ni cha kihistoria. Hata yule asiyesoma Maulidi hufuturisha Ramadhani, huchinja Idi kubwa na kugawa nyama nyumba kwa nyumba, hualika harusini, na huhesabiwa kwa kuja kwake kwenye maziko. Utaratibu wa kupokea ambao nauzungumzia haukutegemea kisomo kimoja. Maulidi yalikuwa chombo chake kikubwa katika karne moja maalumu, kwa sababu maalumu, na kumwambia msafiri hivyo si kumwambia yapi ni ya sunna. Zaidi ya hapo, msafiri anayejua kwamba jambo hili lina mabishano atakaa kwa adabu zaidi kuliko anayedhani ameletewa burudani.

Ili kupima hoja hii inafaa kuvuka maji hadi Makunduchi, kusini mwa Unguja, ambako pwani imeihifadhi sherehe ya kale kuliko Maulidi, nayo ni Mwaka Kogwa, sherehe ya kuufungua mwaka wa Nairuzi. Nairuzi ulikuwa mwaka wa pwani nzima, mwaka wa jua wa siku 365 uliogawanywa katika miongo ya siku kumi kumi, na kwa miongo hiyo nahodha alijua lini bahari inafungwa na mkulima alijua lini apande. Kwa kuwa hauna siku ya kuongeza, hurudi nyuma kwa takriban siku moja kila miaka minne, ndiyo maana sherehe inayofanyika sasa mwezi Julai ilikuwa ikiangukia Agosti enzi za Sultani Barghash. Edward Steere, aliyekuwa Unguja katika miaka ya 1860 na baadaye akawa askofu, aliandika kuwa siku ya mwaka watu walioga baharini, walizima moto wa zamani na kuwasha mpya kwa kupekecha vijiti, na kwamba zamani ugomvi wa mwaka mzima ulipiganwa siku hiyo bila mtu kuulizwa. Makunduchi bado wanapigana kwa mashina ya migomba, pande mbili, hasira zikiisha hapohapo, na kibanda huchomwa moto. Lakini jambo la kuangalia kuliko vita ni lile la nyumbani: inaaminika kuwa nyumba isiyopata mgeni siku ya Mwaka imekosa heri. Mgeni hapo si mtazamaji aliyevumiliwa. Bila yeye sherehe haijatimia.

Thailand inatoa mfano wa mbali unaosaidia. Songkran, mwaka mpya wa jua unaoadhimishwa kuanzia tarehe 13 hadi 15 Aprili, uliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika Desemba 2023, na picha zake zinazozagaa ni za vijana wakirushiana maji mitaani Bangkok. Serikali ya nchi ile ilikwisha kuhamishia mwaka rasmi tarehe 1 Januari tangu 1941. Sherehe haikufa, kwa sababu haikuwa ya serikali. Kila Aprili wafanyakazi wa mijini hujaa katika mabasi na treni kurudi vijijini, huwamwagia wazee maji ya manukato viganjani na kuomba radhi zao, huosha sanamu za Buddha, kisha ndipo maji ya mtaani huanza. Anayefika kwa ajili ya maji ya mtaani peke yake ameona mwisho wa jambo bila mwanzo wake. Maji ya Songkran na maji ya Makunduchi hayana uhusiano wa damu ninaoweza kuuonyesha, lakini yanafanana katika hili: yote mawili yameishi kwa kuwa watu walikuwa na mtu wa kumwendea.

Inabaki hoja ya fedha, ambayo si ya kupuuzwa. Hifadhi ya Bahari ya Mafia, ya kwanza nchini, ilianzishwa mwaka 1995 juu ya eneo la kilomita za mraba 822, na tangu hapo wavuvi wa Chole, Juani na Jibondo wamewekewa mipaka juu ya nyavu na maeneo, huku wageni wakilipa kuingia katika maji yaleyale. Kwa nini basi kisiwa kisitengeneze tamasha lake, kikauza ngoma na mashindano ya ngalawa, na kuwapa vijana kipato? Lamu wamefanya hivyo. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 wana tamasha la utamaduni kando ya Maulidi ya Habib Swaleh. Sioni dhambi katika tamasha, na mashindano ya ngalawa yakifanywa vizuri yanaweza kuwapa mafundi wa Jibondo kazi na fahari. Ninalokataa ni kuigeuza karamu kuwa tamasha. Tamasha humhitaji mnunuzi wa tiketi, na mnunuzi hana deni baada ya kulipa. Karamu ya Mafia humfanya mtu awe na deni, na deni hilo ndilo lililowaunganisha watu ambao hawakuwa na babu mmoja. Ukiweka mlango wa malipo kwenye Maulidi ya kijiji, umeurudisha ule mpaka ambao sinia liliufuta, safari hii mwenyeji akiwa upande wa nje. Wala si hoja kuwa sherehe hizi ni dhaifu kwa sababu zimebadilika. Ni kweli jando la zamani, ambalo vijana wengi walikaa kambini pamoja na kijiji kikawalisha, limepungua pwani nzima tangu wazazi walipoanza kuwapeleka watoto hospitali mmoja mmoja. Vipaza sauti vimeingia harusini. Mialiko hupita kwenye simu. Matari nayo yalikuwa mageni Lamu wakati wa Habib Swaleh. Kinachopaswa kuangaliwa ni kama mtu bado anakwenda kwa fulani kwa kuwa fulani alikuja kwake.

Kwa msafiri, basi, mambo ya kufanya ni ya kawaida tu na yanatokana na haya yote. Aende akiwa na mwenyeji, maana mwaliko hutolewa na watu, na katika kijiji cha Mafia mwenyeji hupatikana kwa kukaa siku chache, kusalimia wakubwa kwa shikamoo na kueleza alikotoka. Mchango autoe mapema kwa mzee wa shughuli, kimyakimya, kama watoavyo wengine, uwe wa sukari, mchele au fedha. Mwanamke akae na wanawake, ambako sehemu kubwa ya sherehe hufanyika na ambako mgeni wa kiume hatafika. Mwanamume asione uchungu kuikosa. Picha zisubiri ruhusa, na wakati wa kisomo kamera ibaki mfukoni. Kula ni lazima, walau kidogo. Na akirudi kwao na mtu wa Mafia akapita mji wake, amkaribishe.

Kuhusu majira, atambue kuwa kalenda mbili za kisiwa, ya Maulidi na ya papa potwe, zimeachana. Maulidi hurudi nyuma kwa siku kumi au kumi na moja kila mwaka wa kizungu. Kuanzia 2010 hadi 2022 yaliangukia katika miezi ya papa potwe, na msafiri mmoja angeweza kupata yote mawili kwa safari moja. Sasa yamehama. Mwaka 2026 yanatazamiwa mwishoni mwa Agosti, mwandamo ukijaalia, katikati ya kusi, wakati bahari ya nje imechafuka na boti ya kutoka Nyamisati, upande wa bara, kwenda Kilindoni huyumba kidogo, na yatazidi kusogea kuelekea masika mpaka yakutane tena na potwe karibu na mwaka 2043. Kwa miaka hiyo yote, atakayefika Mafia Mfunguo Sita atakuwa amekuja kwa ajili ya watu.